Mkwe na Mhuni wa Helmeti

Katika kijiwe cha bodaboda cha Zinga, Kombo Shuaibu alijulikana kwa jambo moja: hampiti mtu mzima bila kusimama, kufunua uso na kutoa shikamoo iliyokamilika, pamoja na habari za shamba na za goti. Kusalimia ukiwa ndani ya helmeti, alisema, ni kama kusalimia ukiwa ndani ya mtungi. Abiria wenye haraka walipanda kwa wengine.

Kisha wataalamu wa usalama barabarani wakampa helmeti yenye akili, aijaribu. Ina kioo cheusi. Imeunganishwa na pikipiki: ukiivua, injini inazima, na haiwaki mpaka uivae, ufunge mkanda, na usikilize sauti ya mama mmoja ikisoma maonyo yote. Mama huyo hakatizwi.

Ndoa yake ilikuwa Mlingotini, baada ya alasiri. Baba wa bibi harusi, Mzee Mwishehe, alishasema: "Akichelewa, hakuna ndoa. Asiyeheshimu wakati haheshimu watu."

Kombo akavaa koti la mvua juu ya kanzu, akaondoka mapema. Bahati mbaya, wazee walioalikwa walikuwa njiani kwa miguu. Kwa kila mmoja alivua, injini ikazima, mama akasoma, mzee akatangulia. Akamkuta tena mbele, akavua upya. Bibi Chausiku, mwenye mkongojo, alimpita mara tatu.

"Mwanangu," akamwambia, "marahaba nilizokupa zinatosha mpaka Idi. Nenda kaoe!"

Kombo akaapa havui tena, hata akutane na nani. Kwenye njia panda ya Mlingotini mzee mmoja alisimama, mkono juu. Kombo akampita vuu, akamwachia vumbi. Kwenye kioo cha pembeni ndipo alipomtambua: Mzee Mwishehe, aliyetoka kumtazamia mkwe.

Akaficha pikipiki, koti na helmeti nyuma ya banda la mbuzi, akaingia kwa miguu kupitia mashambani. Mzee akafika anatweta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umewahi, tena kwa miguu! Mimi nimepitwa na mhuni kavaa ndoo kichwani, hata salamu hana. Fikiria huyo ndiye angekuja kuposa kwangu!"

"Kuna watu, baba," akasema Kombo.

Bibi Chausiku, aliyekuwa anaingia, akapatwa na kikohozi kirefu.

Ndoa ikafungwa. Mzee akampa mkwe kazi moja tu: amtafute yule mhuni, aje aombe radhi. Mwaka wa pili huu. Wataalamu wa helmeti wameandika kwamba dereva wa Zinga hajapata ajali hata moja. Ukweni Kombo huenda kwa miguu, na kila Idi huulizwa swali lile lile.

"Bado, baba," hujibu. "Lakini hayuko mbali."