Vibao Viwili Visivyotiwa Wino

Kwenye karakana yangu hapa Endasak kuna vibao viwili ambavyo havijawahi kuguswa na wino, na kila mgeni anayeingia huvitaka hivyo hivyo. Picha zimejaa ukutani, nimezichapa kwa jasho langu, lakini mtu atazipita zote akashike vile vya kwenye rafu na kuniuliza mbona sijavichapa. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia vina mwenyewe, basi, na moyoni nashukuru kwamba anaweza bado kuvidai.

Kazi yangu ni kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa kwenye karatasi. Nachukua ubao laini, nakwangua sehemu ninazotaka zibaki nyeupe, napitisha rola yenye wino juu ya zilizobaki, nalaza karatasi, kisha nasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko mpaka bega liume. Ukiifunua, kila kitu kimegeuka: kilichokuwa kulia kiko kushoto. Kwa hiyo mchongaji huchonga kinyume. Nimefanya hivyo miaka mingi, hata nikimwelekeza mtu wa bodaboda njia ya kwangu, anaishia Gitting, kijiji kingine kabisa.

Mama yangu hajaona hata picha yangu moja. Macho yalimwishia kabla sijaanza kazi hii. Hilo halikumsumbua sana alipokuwa Tumati, kwenye tembe alimoolewa, maana nyumba ile aliijua kwa mikono. Ukiingia, ng'ombe kulia, jiko kushoto, kitanda chake nyuma ya jiko, jiwe la kusagia karibu na nguzo. Humo alipika, alikamua, na wajukuu watundu aliwachapa fimbo za miguu bila kukosea.

Kisha kaka yangu akajenga nyumba ya tofali na bati, nzuri kweli, akabomoa tembe. Simlaumu. Paa lilikuwa linavuja na mchwa walishakula nguzo. Ila mama alibaki kama mtu aliyeshushwa kwenye stendi asiyoijua, anajigonga huku na huku, nikaona bora nimlete kwangu.

Kwangu akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akawa anangoja. Kwenda chooni, angoje mtu. Kwenda jikoni, angoje mtu. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo, mama," anaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayeaga. Chakula alikionja tu, hata makande, ambayo zamani usingethubutu kumpunguzia. Neno lake la kila siku lilikuwa moja: "Nirudishe nyumbani." Niliogopa sana. Mtu aliyekataa kushikwa mkono maisha yake yote alikuwa ananiishia kitini, na nyumba aliyoidai haikuwepo tena duniani.

Mimi si hodari wa maneno ya kufariji. Nina patasi. Nikachukua ubao, nikaichonga ile tembe kana kwamba paa limeondolewa na wewe unaichungulia kutoka juu: mlango, jiko, kitanda, nguzo, ng'ombe wamelala. Nilichimba kwa kina kuliko kawaida ili vidole vipate pa kupita. Nikamwekea mapajani.

Vidole vikaingia mlangoni, vikasita. Vikatoka nje, vikaingia tena.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Yako, mama. Ya Tumati."

"Yangu? Mbona ng'ombe wako jikoni? Na mimi umenilaza wapi, zizini?"

Mkono wangu ulikuwa umechonga kinyume, kwa mazoea. Nikaanza kumweleza kwamba nikiichapa itageuka, ng'ombe watarudi mahali pao. Hapo nikazinduka. Itageuka kwenye karatasi, na karatasi kwake ni kitu kitupu. Yeye alikuwa ameshaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta uso kwa pindo la kitenge, nami nikacheka naye, na hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza ndani ya nyumba yangu.

Kibao kile nilikichapa, na picha yake iko Tumati ukutani kwa kaka, kila ng'ombe mahali pake. Mama nilimchongea kingine, bila kugeuza, kama nyumba ilivyokuwa. Usifikiri ni rahisi. Mkono uligoma, nikaharibu ubao mmoja, nikatukana peke yangu. Yeye akawa ananisahihisha kwa Kiiraqw chetu: sogeza nguzo, punguza hilo jiwe, baba yako hakuweka kigoda hapo. Nilimshukuru Mungu kwa kila amri aliyonipa. Kilipokamilika, akawa anaingia nyumbani kwake kila siku kwa vidole, ubao ukaanza kung'aa kwa mafuta ya mikono yake, na makande yakaanza kuisha kwenye sahani.

Nilidhani kazi imekwisha. Asubuhi moja, nilipomwamkia, alikuwa ameshika kibao chake.

"Hii naijua," akasema. "Sasa nichongee na ya kwako."

"Ya nini, mama?"

"Nitaishije mahali nisipopajua?"

Nikatoka nje kwenda kutafuta ubao. Nikachonga nyumba yangu: kiti chake, korido, jikoni, choo, mlango wa uani, na karakana kule ng'ambo ya uwanja, kwenye kona ya ukuta. Kibao hicho akawa anakaa nacho mapajani. Nilipita mara nyingi nikamkuta kidole kiko koridoni, kinakwenda na kurudi.

Alasiri moja nilikuwa nachapa, mikono imejaa wino, nikasikia fimbo inagusagusa ukuta wa nje. Kisha sauti: "Hodi."

"Karibu, mama," nikasema, nikachungulia nyuma yake nimwone aliyemleta, nimshukuru. Uwanja ulikuwa mtupu. Alikuwa peke yake, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, khanga imekaa upande kwa ile safari.

Alipapasa mpaka akapata kigoda, akaketi, akanusa wino.

"Kumbe unakaa karibu hivi," akasema.