Windows, Linux na Mac: mfumo upi ulinifikishia salamu za wanangu zikiwa hai

Wakuu, hamjambo.

Nimeelezwa kwamba humu kila mtu huitwa mkuu, hata kijana ambaye hajaota ndevu. Mahali pengine ningedai shikamoo kwanza, kwa kuwa mimi ni bibi. Lakini nimeingia nyumba ya watu, nitafuata desturi yake.

Sikusoma. Anayeandika ni mjukuu wangu Minza, binti wa mwanangu wa kwanza. Tunaishi wawili hapa kijijini, mbele kidogo ya Runzewe. Nimemkataza kupunguza wala kuongeza. Nitakayoyasema nimeyaona au nimeyasikia kwa masikio yangu. Yanayohusu ufundi atayaandika kama alivyonieleza, maana humu mmo mafundi na sitaki mtucheke.

Minza hunisomea mabishano yenu ninapochambua maharage. Mnabishana ni mfumo endeshi upi unamfaa mtu anayetengeneza programu moja ya kufanya kazi kwenye vifaa vya kila aina. Mnataja kasi, bei na betri. Kuna kipimo kimoja sijasikia mkikitaja, na ndicho kilichonileta.

Nina watoto watatu.

Masanja ndiye mkubwa, yuko Geita, katika ofisi ya watu wanaopeleka vifaa migodini. Hutumia kompyuta ya Windows. Shija anauza dagaa Nkome, ana simu ya Android ambayo kioo chake kimepasuka. Nyanzobe, kitindamimba, yuko Shinyanga mjini, naye ana iPhone.

Katika nyumba yangu hakuna kushika jembe kabla ya salamu. Mtoto husalimu, mimi huitikia, ndipo siku inafunguka. Na husalimu kwa kufuata kuzaliwa. Mdogo hamtangulii mkubwa, hata kama mkubwa amechelewa kisimani.

Marehemu mume wangu alipokuwapo, tuliitikia wawili. Alipofariki, na watoto wakawa wameshaondoka, asubuhi zikabaki za kuku.

Mtaniuliza kuhusu simu. Hapa mtandao huja na kuondoka kama mgonjwa wa homa. Unaanza kuitikia na mtu ameshakatika. Na huo ujumbe wa sauti mnaoutumiana, mimi nisiyesoma nitautafutaje chini ya picha za harusi za watu nisiowajua?

Minza alisoma kompyuta chuoni Mwanza. Kazi za ofisi hazikupatikana, akarudi kwangu, akawa anafanya vibarua vya mtandaoni. Siku moja aliniona nimekaa kizingitini, jembe liko magotini, jua limeshapanda.

"Bibi, unasubiri nani?"

"Sisubiri mtu. Nimekaa."

Alikwenda kuanza kutengeneza programu.

Ilikuwa hivi: mtoto anabonyeza, anasalimu kwa sauti, salamu inakaa hadi mtandao upatikane. Kwangu kuna laptop ya zamani juu ya meza. Salamu zinasikika kwa mpangilio, Masanja, Shija, kisha Nyanzobe. Ninaitikia kila mmoja, na jibu langu linarudi kwake. Ule mpangilio niliudai mimi. Minza aliuandika ndani ya programu kama sheria: ya mkubwa isipofika, ya mdogo inangoja.

Sasa niseme kuhusu mifumo.

Alianza kazi katika Windows. Ilikuwa nzito juu ya ile laptop, na mara kwa mara ilisimama katikati ya kazi ikidai kujisasisha na kula kifurushi chote cha intaneti. Akaweka Linux pembeni yake. Hiyo ni kama jembe unalonunua bila mpini: mpini unachonga mwenyewe, lakini ukishauchonga unakaa mkononi vizuri. Mashine ikawa nyepesi, programu ya Android ikawa inajengwa bila kelele. Windows hakuifuta, kwa sababu ilibidi amjaribie baba yake yale atakayoyaona.

Mac ndiyo ilitutesa. Programu ya iPhone haikujengeka bila Mac, na Mac hatuna. Alijaribu kukodi moja ya mbali kupitia intaneti, mtandao wetu ukamwangusha. Mwishowe alisafiri hadi Shinyanga, kwa rafiki yake mwenye nayo, na mimi nikabaki na kuku wangu. Alikawia. Ilipofika jioni nilijikuta napika ugali wa watu wawili.

Aliporudi, salamu zikaanza. Yalikuwa masika.

"Mwangaluka, mayu," akasema Masanja asubuhi ya kwanza, kwa Kisukuma cha nyumbani, yaani umeamkaje, mama, na nyuma yake mvua ikipiga bati. Niliitikia mpaka Minza akaniambia nisipige kelele, kompyuta haina uziwi.

Baadaye kukawa na tatizo. Masanja huingia kazini mapema, akawa anasahau. Asiposalimu, wadogo zake wanakwama nyuma yake ndani ya mashine. Wakamlalamikia. Nami nilimtumia maneno makali, kwa kuwa mkubwa ndiye mlango.

Tangu hapo hakuchelewa tena. Kila siku, jogoo akiwika, Masanja yupo. Sauti safi, maneno ya heshima, kila asubuhi maneno mapya.

Nilimsifu mbele ya majirani. Na Nyanzobe nilimgombeza, maana salamu zake zilifika saa yoyote: leo anapiga miayo, kesho mtu anamwita jikoni, siku nyingine hakuna kabisa.

"Mwige kaka yako," nilimwambia.

Akajibu, "Nimesikia, mayu. Ila kaka hana watoto wa kuwaogesha asubuhi." Nikaona ni utovu wa adabu.

Nami nilikuwa nikimweleza Masanja mambo yangu. Kwamba ng'ombe mwekundu amezaa. Kwamba mguu wa kushoto umeanza tena. Kwamba kaburi la baba yake limeota majani, na ingefaa mtoto wa kiume aje alifyeke.

Kiangazi kikaingia. Alikuja mnunuzi wa mahindi kutoka Geita, tukakaa naye uani akisubiri magunia.

"Huko mvua inawaacha mpumue?" nikamuuliza.

"Mvua ipi, bibi? Huko sasa ukipiga chafya unatoa vumbi. Kama mmeificha huku, tuuzieni."

"Mwanangu amenisalimu leo kutoka Geita. Mvua ilikuwa inapiga bati."

Akacheka. "Basi mwanao amehamia chini ya bomba."

Sikucheka. Nilimlipisha mahindi yake, akaondoka, nikamwita Minza.

"Baba yako anaishi wapi kunakonyesha kiangazi?"

Alikuwa anapepeta. Akaweka ungo chini.

"Bibi, alizirekodi zote siku moja. Wakati wa masika. Mashine inachagua moja na kuituma kila alfajiri."

"Nani aliyeifundisha mashine hivyo?"

"Mimi. Baba aliniagiza. Ningemkatalia baba?"

Hapa Minza ameacha kuandika kidogo. Nimemwambia aendelee, si yeye ninayemshtaki.

"Na Shija?"

"Baba mdogo naye aliiomba. Ila simu yake inaiua programu ili kutunza betri. Ndiyo maana zake zinaruka ruka."

"Nyanzobe?"

"Shangazi aliiomba pia, Bibi. Nikashindwa. Windows itaamka yenyewe saa uliyoipangia, kompyuta ikiwa imewashwa. Linux ni vivyo hivyo. Android hukubali, kwa kusitasita. iPhone hairuhusu programu iamke alfajiri na kusema kwa niaba ya mtu. Lazima mtu aishike na kubonyeza."

Kisha nikauliza lile nililoogopa kuliuliza.

"Majibu yangu je?"

"Yanafika."

"Anayasikiliza?"

Akanigeuzia kioo, kana kwamba ninajua kusoma. "Jibu likifunguliwa huwa na alama. Ya kwake hayana."

Wakuu, kukaa peke yako si kugumu kama watu wanavyodhani. Unapika kidogo, unasema na mifugo, jua linazama. Kigumu ni kuambiwa kwamba ulikuwa peke yako katika zile saa ulizodhani mko wawili. Ng'ombe mwekundu alizaa, nami nililieleza bati la Geita.

Nilimwamuru Minza aiondoe ile ratiba katika vifaa vyote. Akaiondoa, akawajulisha wote.

Asubuhi iliyofuata nikakaa mezani. Mashine ilikuwa kimya.

"Ya shangazi imefika," akasema Minza. "Imekwama nyuma ya baba. Ndiyo sheria yako, Bibi. Niivunje?"

Maisha yangu yote mdogo hajamtangulia mkubwa mlangoni pangu. Mama yangu alishika hivyo, na mama yake. Nilikaa hadi kivuli cha mlingoti wa umeme kikafika kwenye banda. Salamu ya mwanangu imo humo ndani, hai, imezuiwa na mtu asiyekuwapo.

"Ivunje," nikasema.

"Mwangaluka, mayu," akasema Nyanzobe, maji ya kuogea yakimwagika, mtoto analia. "Mguu unaendeleaje?"

Hakuna aliyemwomba aulize kuhusu mguu. Nilikuwa nimemweleza Masanja tu. Minza anasema ndiye aliyemwambia shangazi yake. Sawa. Lakini aliuliza yeye, kwa kinywa chake.

Shija sasa husalimu akikumbuka, mitumbwi ikipiga kelele nyuma yake. Masanja alinyamaza.

Somo langu ni fupi. Mfumo uliotugharimu safari na jasho, huo wa Mac na iPhone, uliokataa kila njia ya mkato, ndio uliomlazimisha mwanangu azungumze. Iliyokuwa myepesi ilinyamazisha watu huku ikitoa sauti zao. Sisemi mnunue Mac, wengi hamtaweza, nasi hatujaweza. Minza bado anajengea kwenye Linux na ataendelea. Ninasema, mnapolinganisha mifumo, ulizeni pia ni kazi gani ya mtu haipaswi kufanywa wakati yeye hayupo, na muikatae hata pale mfumo unapoiruhusu.

Wenye ujuzi mtujibu: mnafanyaje ili programu ijue kwamba aliyesema amesema leo? Na aliyewahi kuwekewa salamu za namna hii na watoto wake, aniambie alipogundua alifanya nini. Matusi msilete, anayesoma ni mjukuu wangu.

Limebaki jambo moja. Juzi asubuhi ilifika salamu kutoka Geita. Haikuwa na neno. Nilisikia kiti kikilia, nikasikia mtu akivuta pumzi kama anayetaka kuanza, kisha ikakatika.

Hakukuwa na mvua.

Niliitikia. Nilisema marahaba, mwanangu, kisha nikamweleza upya kuhusu ng'ombe mwekundu, kwamba ndama sasa anakula majani.

Minza ametazama sasa hivi. Jibu langu bado halina alama. Nimemwambia asiizime kompyuta.