Mzungu na Makofi Yetu

Mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki, nikaacha shule darasa la pili nikashika jembe kule kijijini kwetu Ruanda, huku upande wa Tunduma. Nayasema haya leo kwa sababu wiki iliyopita tulimzika mwalimu mstaafu aliyenifundisha kusoma nikiwa nimeshaota mvi. Bila mama yule, msomaji wangu, safu hii ungeisomea wapi? Alikuwa akija dukani kwangu hapa Tunduma kununua vipuri vya baiskeli, nami namwomba anisomee barua za shemeji yangu wa Nakonde, ng’ambo ya mpaka, nasingizia nimesahau miwani. Mara ya tatu akaniambia, “Baba, hiyo miwani hujawahi kuinunua. Kesho nakuja na daftari.”

Nilipoanza kujiweza akanipa kitabu cha msafiri wa Kizungu aliyepita huku zamani na wapagazi wake. Nikasoma kwa kidole, mpaka pale anapoandika kwamba wenyeji walipiga magoti wakampigia makofi kwa kuustaajabia weupe wake, naye akapita kimya hadi hemani. Nikakitupa juu ya kaunta. “Mjinga huyu! Ile ni salamu! Ukipigiwa makofi unajibu!”

“Unakigombeza kitabu, kina masikio?” Mwalimu akacheka, kisha akakaza uso. “Huyu kasoma vyuo, makofi hakuyaelewa. Wewe wa darasa la pili umeyaelewa. Andika basi, la sivyo wajukuu zako watamwamini yeye.”

Nikaandika, gazeti likachapa, na ndiyo safu hii. Msafiri yule simchukii tena. Aliona kweli, ila hakuuliza, na bila yeye nisingejua kwamba babu zetu walimpokea kwa adabu. Hata mimi madereva wa malori wanaopita mpakani nilikuwa nawaita wakorofi kabla sijajua kwao wanasalimianaje. Siku hizi nauliza kwanza, ndipo naandika. Hilo nimelipata kwa msafiri yule.

Kaburini nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu. Mgeni mmoja wa mjini akanong’ona, “Mzee anashangilia msiba?” Binti wa marehemu alipiga magoti mbele yangu, akaniitikia kwa makofi, kwa niaba ya mama yake.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, duka la vipuri, ekari nne za kahawa, miwani, na kitabu kile, ambacho pembeni mwa ukurasa wa makofi nimeandika kwa mkono wangu: hii ni salamu.