Mtathmini Alipotathminiwa Gungu

Nilikuwa napimiwa mawese sokoni Ujiji nilipopigiwa simu kwamba mwenyekiti wa mtaa wetu kule Gungu ametutoka. Msomaji wangu hakumjua, lakini huenda kijiji chake kilimjua. Kabla ya kustaafu, kazi yake ilikuwa kutathmini uwezo wa serikali za vijiji na mitaa, na viongozi wa mwambao walimwogopa kuliko mawimbi ya ziwa. Alikula samaki wao wa migebuka kwa shukrani nyingi, akanawa mikono, kisha akawapa alama za chini kwa sababu wananchi hawahudhurii mikutano. Ukimwambia ilinyesha mvua, anajibu kwamba mvua si sababu ya kiutawala.

Alipostaafu akagombea uenyekiti wa mtaa, akashinda. Sisi jirani zake tulingoja kwa hamu kuona mtaa wa mfano. Tulichokiona ni mkutano baada ya mkutano wa watu wachache, yeye akihutubia kuhusu utawala bora huku maji ya mvua yakiendelea kuingia majumbani kwa kukosa mtaro. Kisha akaja mtathmini, binti ambaye mwenyekiti wetu ndiye aliyemfundisha kazi. Nilikuwepo ofisini.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima mimi?”

“Nimekuja kuupima mtaa. Wananchi wanahudhuria mikutano?”

Mzee alitazama dirishani. “Msimu huu mvua imezidi.”

Binti akainamisha kichwa asionekane anacheka, akaendelea kuandika. Mtaa ukafeli.

Siku tatu Mzee hakutoka nje. Nilidhani angejiuzulu, au angekwenda manispaa kulalamika. Badala yake aliitisha mkutano na kutangaza kwamba atayasoma matokeo mwenyewe. Hapo Gungu nzima ilikuja, tukiwemo sisi tuliokuja kumcheka tu. Akasoma yote, bila kuruka hata neno. Alipomaliza akauliza kwa nini huwa hatuji.

Mama mmoja muuza dagaa akasimama. “Mwenyekiti, tukija unasema peke yako mpaka tunaondoka. Tuje kufanya nini?”

Mzee akakaa kitini, jambo ambalo hatukuwahi kuliona mkutanoni. “Basi leo semeni nyinyi,” akasema.

Tulisema mpaka adhana ya magharibi. Vijana wa bodaboda na kinamama wakagawana vipande vya kuchimba, na Jumamosi iliyofuata mtaro ukaanza. Manispaa ilipotuona tumefika barabarani, ikaleta makalavati ya kupitishia maji chini yake. Mzee naye alichimba kidogo, akasimamia sana.

Nasikia bado wataalamu wanatafuta njia bora ya kupima uwezo wa serikali hizi ndogo. Wazipime ofisi na mihtasari ya vikao, sina ugomvi. Ila waulize pia kama kiongozi wa pale anaweza kusimama mbele ya watu wake, akasema ameshindwa, kisha akanyamaza awasikilize. Mzee wetu alichelewa kulijua hilo, lakini alilijua akiwa bado madarakani, na wengi hawafiki hapo.