Mahali Nyuki Hawasikii

Asubuhi za Mirdif, kabla jua halijaamua kutuchoma, ndege hushuka uwanjani chini kiasi kwamba ningeweza kumpa rubani mkono. Mimi hukaa ndani ya gari mbele ya nyumba, kiyoyozi kikinipulizia usoni, nikimngoja Bibi. Bibi ni mama yake madam, mwajiri wangu. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa bi harusi, na ameishi Dubai muda mrefu hata mchanga wenyewe humwamkia shikamoo. Kazi yangu ni kumpeleka anakotaka: kwa binti yake mwingine, sokoni, kliniki ya magoti kule Al Warqa. Ni katika saa hizo za kungoja, wakati barabara inatetemeka kwa joto na nyumba zote nyeupe zinaonekana kama zinaelea, ndipo nilipoandika kwa kidole gumba, kwenye simu, andiko la mradi wa kwetu.

Kwetu ni msituni. Sisemi karibu na msitu. Nasema msituni, juu milimani, Kenya, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani asubuhi na kuketi nawe kunywa chai. Wazee wetu walirina asali kabla serikali yoyote haijazaliwa. Kisha serikali zikaja, moja baada ya nyingine, na kila moja ikatuonyesha njia ya kutokea. Kwa hiyo ziliposikika habari kwamba sasa serikali ina fungu la kuzisaidia jamii za asili zilizosahaulika, zianzishe miradi yao zenyewe, shangazi yangu alidhani ni mtego. Shangazi ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mlima wetu. Alilifikiria jambo hilo msimu mzima wa mvua, halafu akanitumia ujumbe wa sauti.

Alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya kukamulia asali. Nyumba yenye sakafu ya kuoshwa, mashine ya kukamulia, chupa safi, na karatasi ya kubandika juu ya chupa. Hadi siku hiyo asali yetu ilikuwa ikichukuliwa na madalali, imemiminwa ndani ya ndoo zilizokuwa za rangi ya nyumba.

"Asali yetu inatoka hapa haina jina," aliniambia. "Ikifika mjini inapewa jina la mtu mwingine."

Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikuwa nimehitimu. Nilisoma usimamizi wa biashara kwa masomo ya usiku, katika chumba kimoja mtaa wa Naif, hapa hapa Dubai, juu ya duka la masanduku ya safari, pamoja na Waganda na Watanzania waliokuwa wakija darasani na mizigo yao ya kusafirisha. Siku ya mahafali nilivaa joho ambalo lingetosha kuwa hema la harusi ya kifalme. Picha ilipofika nyumbani, watu wakaniita Daktari, na sikuona sababu ya kuwavunja moyo.

Basi niliandika. Wanaonijua watajua niliandika vipi. Niliandika kwamba kwetu asali hutiririka hadi sungura wanateleza njiani. Kwamba mizinga ni mingi hata miti imeinama. Kwamba nyuki wakiondoka asubuhi kwenda kazini, jua hufichika. Nikakipenda sana nilichoandika, nikakituma, nikampeleka Bibi kununua vitambaa.

Sasa niwaeleze jambo la kwetu ambalo sikuliandika, kwa kuwa halikunijia akilini kwamba kuna binadamu asiyelijua.

Kwetu mtu hasemi kwamba ana asali. Nyuki wana masikio. Wakikusikia unajisifu, wanakusanya malkia wao na kuhamia kwa mtu mwenye adabu. Ukiulizwa habari za mizinga yako, jibu ni moja: "Ni mikavu." Hata kama asali inakudondoka kiwikoni, ni mikavu. Aliyeuliza hadanganyiki, kwa sababu yeye pia ni mtu wa pale, na anajua kwamba uso ukiwa na huzuni zaidi ndipo masega yalipo mazito zaidi. Kijana akienda kuposa, baba mkwe humuuliza mizinga yake inaendeleaje. Kijana akijibu kwa sauti ya kukata tamaa kwamba nyuki wote wamekufa na miti imeanguka, mzee hufurahi kimoyomoyo na msichana anaanza kutafutiwa shanga.

Halafu akaja afisa wa serikali kuhakiki mradi. Alikuwa mama mmoja kutoka sehemu nyingine ya nchi, mpole, aliyepanda mlima wetu kwa viatu vya mpira. Akamuuliza shangazi habari za mizinga. Shangazi akajibu kwamba ni mikavu. Akamuuliza mzee wetu aliye mkubwa kuliko wote, naye, kwa kuwa mgeni alikuwa wa heshima, alikaribia kulia. Jirani yake akasema nyuki aliwaona mara ya mwisho akiwa mtoto. Mlima mzima ulimpa yule mama heshima zote tulizo nazo. Akashuka akiwa amekasirika kabisa.

Simu yake ilinikuta nimeegesha nje ya shule ya wajukuu wa Bibi. Jina langu ndilo lililokuwa kwenye andiko.

"Wewe umeandika mito ya asali," alisema. "Wenyewe wanasema hakuna hata nyuki mmoja. Nimwamini aliye Dubai au walio pale?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri sana, mwalimu wangu wa Naif angelia kwa fahari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, bila ubaya, kwamba hawezi kuandika kwenye ripoti ya serikali kuwa kwetu "hapana" maana yake ni "ndiyo". Kamati ingekaa Alhamisi. Alihitaji wenyewe waseme kwa vinywa vyao kwamba wana asali, la sivyo mradi ungeondolewa na fungu lingeenda kwa wengine.

Nikampigia shangazi. Nyuma yake nikasikia kuku wake na upepo.

"Niseme mimi?" akauliza. "Nyuki wahame, halafu ndani ya hiyo nyumba tukamue nini? Ukungu?"

Asiposema, nyumba haijengwi, na asali inaendelea kushuka mlimani ndani ya ndoo za rangi. Akisema, basi kwa imani yake, ambayo ni imani yangu pia hata nikivaa joho, hakuna cha kushuka tena.

Siku iliyofuata nilikuwa nampeleka Bibi kliniki. Aliniangalia kwenye kioo.

"Una nini leo? Mbona waendesha kama ulobeba maiti?"

Nikamsimulia yote, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alisema mwanawe wa kwanza alikuwa mzuri kama mwezi, na kila mgeni alipokuja kumtazama, yeye Bibi, kwa kuogopa kijicho, alikuwa akisema, aa, kijitu tu hiki, hakina lolote, usiku kucha chalia.

"Sasa shangaziyo kosa lake nini?" akasema. Akatazama nje, kuta za Al Warqa zikipita, maua ya waridi yamemwagika juu yake. Kisha akauliza jambo ambalo katika ukoo wetu wote hajatokea mtu wa kuliuliza.

"Hao nyuki wenu, baba, wasikia mpaka wapi?"

Nikapunguza mwendo hadi pikipiki ya muuza chakula ikanipigia honi.

"Sijui, Bibi. Labda mpaka mwisho wa msitu."

"Basi na watoke. Wakaseme mjini. Yalla, piga simu."

Nikaegesha kando ya ukuta, nikapiga. Shangazi aliposikia, alikwenda kumuuliza yule mzee mkubwa, na jibu likarudi kabla Bibi hajamaliza kunipasha kuhusu mkao wangu wa kiti. Mzee alikuwa ameamua: nyuki havuki lami. Harufu ya dizeli humziba masikio.

Asubuhi ya pili yake wakashuka mlimani, shangazi, mzee, jirani na wengine wa kikundi. Walipanda gari la maziwa, na walipofika kwenye lami, shangazi akawashusha wote wakung'ute mashuka na kofia zao, asije akabebwa nyuki mmoja wa kupeleka habari. Ndipo wakaingia mjini, ofisini kwa yule mama, na shangazi akaweka simu yake juu ya meza ili nami nisikie. Mimi nilikuwa nimemrudisha Bibi kliniki, naye alikataa kushuka garini. Daktari wa magoti atangoja, alisema, magoti hayendi popote.

Shangazi alianza polepole, kama mtu anayekanyaga maji baridi. Akasema ana asali. Alipoona dunia haijapasuka, akataja mti: mtarakwa ulio juu ya chemchemi. Akataja mwingine. Yule mzee akamkatiza, akasema hiyo ni midogo, yeye ana mizinga kwenye bonde la mianzi ambayo sega lake moja ni la kubebwa na wanaume wawili. Jirani akasema wanaume wawili ni wa sega la mwaka wa ukame. Wakaanza wote kwa pamoja. Watu waliokuwa wamenyamaza tangu kuzaliwa, na baba zao wamenyamaza, na babu zao, walifungua vinywa, na msitu mzima ukapita ndani ya simu: asali nyeupe ya juu kwenye baridi, asali nyeusi chungu ya dawa, miti inayochanua mara moja na kufanya kilima kinuke utamu hadi ng'ombe wanasimama na kusahau njia. Nikafumba macho. Nilikuwa Al Warqa, nje joto lingeweza kukaanga mayai ya mbuni, lakini niliusikia moshi wa kurinia, na majani yenye umande yakinigusa shingoni. Yule mama afisa hakuuliza swali lolote tena. Nilisikia kalamu, kisha sikusikia hata kalamu.

Mwishoni mzee alitaja mizinga ya marehemu babu yangu, mti kwa mti. Shangazi akasema taratibu:

"Sikujua baba alituachia mingi hivyo."

Simu ikakatika. Bibi akaniuliza kama mie nami nina mizinga.

Mtu kama mimi angesema mia. Nilikuwa mbali na msitu, bahari na jangwa katikati, hakuna wa kunisikia. Nikamwambia ninao mmoja, aliniachia baba yangu, uko kwenye mti uliopasuliwa na radi, na sijui kama una kitu. Bibi akasema mashaallah, akachukua mkoba wake, akashuka kwenda kwa daktari.

Kamati ilikubali. Baadaye afisa alipanda tena mlimani na viatu vyake vya mpira, na safari hii hakuuliza chochote. Alizunguka na kutazama tu, na alipoonjeshwa alionja. Na juzi, nikiwa nimeegesha nje ya nyumba Mirdif, shangazi alinitumia picha. Mawe ya msingi yamepangwa, mchanga umerundikwa, na kikundi kizima kimesimama mbele yake. Picha ilipigwa kule kule juu, msituni. Hakuna anayetabasamu. Nyuso zimekunjamana, mikono imeshika mashavu, mzee ameinamisha kichwa, utadhani wamekuja kuzika mtu. Nilicheka hadi usukani ukalia honi na madam akatoka mlangoni kuniuliza kuna nini.