Nyuzi za Mstari wa Nane

Jumanne, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, jua saa nne, upepo hakuna.

Mama Uzi aliingia shamba la majaribio na kopo lake la nyuzi. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo: soya ikichanua, afunge uzi kwenye kikonyo cha ua, mwekundu wiki ya kwanza, wa bluu wiki ya pili, kisha arudi kuhesabu yaliyotoa maganda na yaliyoanguka. Ua la soya ni dogo, la zambarau, limejificha kwapani mwa jani. Mengi huanguka hata mwaka mzuri. Linaloshika huacha kiganda chenye manyoya, kidogo kama ukucha wa mtoto.

"Wafungwa wangapi leo?" aliuliza Mzee Mpira, mmwagiliaji, akiburuta mpira wake.

"Wangu hawatoroki kama maji yako. Ona mpira unavyovuja."

"Mzee mwenzangu huyo, mwache."

Mtaalamu, mkuu wa shamba, alikuja na daftari. "Mstari wa nane, mama?"

"Maua mia mbili na kumi na mawili. Maganda kumi na tisa."

"Mingine inafika themanini." Alifunga daftari. "Miaka kumi na moja nimeihangaikia mbegu hii. Basi. Alhamisi ing'olewe."

Alipoondoka, Mama Uzi alipiga magoti. Nyuma ya mashina, kwenye maua ambayo hayakufungwa, maganda yalining'inia matatu matatu. Akainua kikonyo kimoja chenye uzi. Uzi ulikuwa umezama ndani, umekikata nusu. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile.

Mistari saba ya kwanza ilifungwa na mwenzake wa kazi kabla hajaenda likizo ya uzazi. Wa nane aliufunga peke yake.

Alijua sababu. Tangu mwaka jana ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia ganzi vidoleni. Alikuwa akikaza mpaka aone fundo limekaa, kwa kuwa hakuweza kulisikia. Hakumwambia mtu kazini.

Jioni alishika birika kwa mkono mtupu.

"Mama, unaungua!" Binti yake alimpokonya.

Mama Uzi aliangalia malengelenge kana kwamba ni ya jirani. Kisha akaeleza habari ya mstari wa nane.

"Usiseme," alisema binti. "Ukisema wanakutoa. Mkono ndiyo kazi yako, mama, huna nyingine. Na mmea ni mmea tu."

"Umepandwa na mtu."

"Na mimi je?"

Mama Uzi alipaka dawa, akalala na viatu vya kazi miguuni. Kwa ganzi ya miguu, hakujua kama alivivua au la.

Asubuhi iliyofuata alimkuta Mtaalamu akifungua ofisi.

"Maua ya mstari wa nane hayakuanguka yenyewe, bwana. Niliyanyonga mimi."

Mtaalamu hakuamini. Walienda shambani, akamwonyesha ua lililochanua siku hiyo. "Hebu funga hili, nione."

Mama Uzi alichomoa uzi mwekundu, akapitisha, akakaza. Ua likadondoka kwenye tope.

Mtaalamu aliliokota, akageuza kikonyo kilichokatika. "Mstari haung'olewi," alisema.

Mama Uzi alifunika kopo la nyuzi, akalikabidhi kwa Mzee Mpira, ambaye safari hii hakuwa na mzaha, akaenda bombani kunawa mikono.