Ubani wa Mama Mkwe

Mke wangu Salha ana wapenzi wawili, na mimi ni wa pili. Wa kwanza ni mashine yake ya kuchapia leso, hizi kanga zetu za Pwani, hapa Changamwe. Fundi Munga aliiunga vyuma kwa kipimo cha leso, na vichwa vyake vya wino vikaagizwa ng'ambo. Vichwa hivyo vina vitundu vyembamba kuliko unywele, na Salha huvifuta kama amfutaye mtoto pua. Mimi nikipiga chafya tu karibu yake, nafukuzwa.

Mamangu, Bi Mwanatabu wa Likoni, hakuipenda kazi hiyo. "Mwanamke na mitambo, wapi na wapi?" Tangu nilipomwoa Salha, alimwita "mke wa Ismail", basi. Najua jina hilo lilimuuma Salha, maana alifiwa na mamake angali mdogo, na alitamani kuitwa mwana.

Mwaka huu ndugu yangu Jafar akawa anaoa. Mama akaja mwenyewe kuagiza leso za sare, na jina la leso akalichagua yeye: KARIBU MWANANGU, HAPA NI KWENU. Salha alilisoma mara mbili. "Inshallah, mama, Alhamisi zitakuwa tayari."

Jumatano, mashine ikiwa kazini, Salha alitoka kuswali adhuhuri. Mimi nilikuwa namletea chakula, tukakutana mlangoni akirudi. Ndani moshi umetanda! Mama amesimama na chetezo, anaifukiza mashine ubani kila pembe, dua mdomoni.

"Naikinga na hasadi, mke wa Ismail. Kazi nzuri hii, wasije wakaitia jicho."

Wallahi nilitaka kupiga kelele. Salha akanikanyaga mguu. "Ahsante, mama. Mungu akuweke."

Mama alipoondoka, leso iliyofuata ilitoka na michirizi myeupe katikati ya maneno. Moshi wa ubani unanata, na ulikuwa umeganda kwenye vitundu. Vichwa vikifa hakuna leso, na mama angejua ni nani aliyeiharibu harusi ya mwanawe.

"Asijue kamwe," Salha akaniambia. "Leo ndiyo mara ya kwanza kuingia humu kwa furaha. Siwezi kumlipa kwa aibu."

Akaketi chini. Akafuta, akasukuma dawa ya kusafishia kwa sindano polepole, akajaribu, akafuta tena. Mstari mmoja ukirudi, mwingine unagoma. Subira yavuta heri, lakini yangu ilikwisha mapema. Nilichemsha chai huku nikilaani ubani wote wa dunia. Alhamisi alasiri leso ya mwisho ikatoka safi.

Harusini mama alimwambia kila mgeni kwamba leso zimependeza kwa dua yake. Salha akatabasamu tu.

Wiki iliyofuata mama akabisha hodi tena karakanani. Nikamtazama mikono kwa hofu. Hakushika chetezo, alishika koja la asumini. Akalitundika mlangoni, mbali na mashine.

"Vile vitambaa vyako vya kufutia mashine nilivikuta juzi kwenye kamba," akasema, macho chini. "Vimefuliwa na bado vyanuka ubani." Akaliweka sawa lile koja. "Hili halina moshi, mwanangu."

Salha akaiacha mashine yake, akamwendea, akaitika.

"Abee, mama."